Kumtumaini Mungu Wakati wa Wasiwasi



Ndugu wapendwa waamini, nanyi viongozi wa walei,

Wengi wetu hulala na hofu moyoni. Mvua ikichelewa, ada ya watoto isipopatikana, au mjane akinyang'anywa shamba na shemeji zake, usingizi hukimbia. Tukimwendea mjane huyo na kumwambia tu, "Mshukuru Mungu, mama," twaweza kuwa tumemziba mdomo. Basi, mwenye wasiwasi amshukuru Mungu kwa lipi?

Tumtazame Askofu Francis Xavier Nguyen Van Thuan wa Vietnam. Tarehe 24 Aprili 1975 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu Mwandamizi wa Saigon. Siku sita baadaye mji ule ulitekwa, na tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, alikamatwa. Alikaa kifungoni miaka 13 bila kufikishwa mahakamani. Miaka 9 kati ya hiyo alitengwa peke yake.

Mwanzoni alisumbuka mno, kwa kuwa kundi lake lilibaki bila mchungaji na kazi zake zote zilikatika. Ndipo alipotambua kwamba kazi za Mungu ni kitu kimoja, na Mungu mwenyewe ni mwingine. Kazi aliweza kunyang'anywa. Mungu alibaki naye gerezani.

Tangu hapo aliacha kuhesabu siku za kungoja, akaitumia kila siku kwa upendo. Waamini walimpelekea divai kidogo katika chupa iliyoandikwa kuwa ni dawa ya tumbo. Kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji kiganjani mwake, aliadhimisha Misa. Nyuma ya karatasi za kalenda zilizokwisha muda aliwaandikia waamini maneno ya kuwatia moyo. Baadhi ya walinzi wake wakawa rafiki zake.

Ndugu zangu, hakuishukuru dhuluma, wala hakuiita haki. Aliachiliwa tarehe 21 Novemba 1988, na tangu mwaka 1998 hadi alipofariki mwaka 2002 aliliongoza Baraza la Kipapa la Haki na Amani. Aliyejifunza kushukuru gerezani ndiye aliyekabidhiwa kuwatetea wanaoonewa.

Basi, tunapokutana katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, kila mmoja ataje wasiwasi wake bila aibu. Kisha ataje jambo moja ambalo Mungu amemjalia, hata likiwa dogo kama tone kiganjani. Halafu jumuiya iulize: nasi tufanye nini? Mjane yule anahitaji sala zetu. Anahitaji pia mtu wa kumsindikiza barazani na shahidi asiyeogopa kusema kweli. Akituona tumesimama naye, atapata la kumshukuru Mungu, na sisi tutakuwa tumejifunza kutumaini.

Mungu awabariki. Amina.