Baraza Isiyohamishika: Hali ya Hewa na Moyo wa Mtu Aliye Ughaibuni



Mwaka 1688, katika mji wa Basel nchini Uswisi, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu kuhusu ugonjwa alioushuhudia kwa watu waliokuwa mbali na kwao. Hawali, hawalali, wanadhoofika siku hadi siku. Mmoja wao alikuwa kijana kutoka Bern, aliyekuwa amekatiwa tamaa kabisa, lakini alipotiwa njiani kurudishwa nyumbani, nafuu ilianza hata kabla ya kufika. Baadaye, mwaka 1705, daktari Johann Jakob Scheuchzer wa Zürich akatoa maelezo yake. Waswisi, alisema, wamezoea hewa nyepesi ya milimani. Wakiteremka bondeni, hewa nzito inawabana, damu haitembei ipasavyo na moyo unaelemewa. Dawa aliyoipendekeza ni kumpandisha mgonjwa kilimani, au juu ya mnara.

Maelezo yake ya damu na mishipa hayakubaliki leo katika hospitali yoyote. Hata hivyo namheshimu sana daktari yule, kwa sababu alidiriki kusema kwamba nyumbani kwa mtu ni pamoja na hewa anayoivuta. Sisi tunaosomea uhamaji tumeliacha jambo hili. Tunahesabu viza, mishahara, vita, na fedha zinazotumwa kwa ndugu. Haya yote ni ya lazima. Lakini jua na mvua tumewaachia watu wa soga, na jioni hii nataka kuvirudisha ndani ya ukumbi wa chuo.

Kabla sijaendelea, niweke mpaka. Iko fikra kongwe inayodai kwamba hali ya hewa huwapa watu tabia: wa nchi za joto ni wavivu na wepesi wa kucheka, wa nchi za baridi ni wachapakazi na watu wa mipango. Ibn Khaldun aliandika kitu cha namna hiyo katika karne ya 14, Montesquieu akakirudia mwaka 1748, na wakoloni wakakitumia kuhalalisha viboko na kazi za kulazimishwa. Fikra hiyo naikataa yote. Ninachokisema mimi ni kingine: hali ya hewa hupanga saa na mahali pa watu kukutana. Mtu akihama, anachokikosa zaidi ya joto lenyewe ni ule mkao wa kuishi na wenzake ambao joto lile liliuruhusu.

Tuanze na saa. Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Ndiyo maana tumeweza kuhesabu saa zetu kuanzia kuchomoza kwa jua, na hesabu hiyo ikatutosha mwaka mzima, kaskazi na kusi, masika na vuli. Saa moja asubuhi kumekucha. Saa kumi na mbili jioni kunakuchwa. Mtoto hahitaji kufundishwa jambo hili, ameliona angani.

Sasa mpeleke mtoto huyo London mwezi Desemba. Jua linachomoza saa mbili na dakika chache asubuhi na kuzama saa kumi kasoro dakika 8. Kwa hiyo saa moja asubuhi ni giza totoro, na adhana ya magharibi inaingia wakati ambao kwao watu ndio kwanza wanatoka kuswali alasiri. Mwezi Juni mambo yanapinduka: jua halizami mpaka saa tatu na dakika 20 usiku, na Ramadhani ikiangukia huko, mfungaji anangoja futari hadi saa ambayo bibi yake Unguja ameshalala. Wenzetu wa ughaibuni wanaendelea kutaja saa kwa Kiswahili, na wanaelewana, lakini hesabu ile imekatwa na jua lililoizaa. Nimewasikia wengi wakisema kwamba mwaka wa kwanza walijiona wamechelewa kila kitu. Nadhani walikuwa wanasema kweli ya mwili.

Kutoka kwenye saa twende kwenye mlango. Nyumba ya mawe ya mji wa pwani ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ya boriti za mikoko. Upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, na nyumba za huko nazo zikawa na vyumba vya upana uleule. Nje, ukutani, kuna baraza. Jua likishapinda, upande mmoja wa kichochoro unaingia kivulini. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Mzee anatoka na kofia yake, anakaa. Wa pili anapita, anasalimu, anakaa. Hakuna aliyealikwa. Habari za msiba, bei ya samaki, posa ya binti wa mtaa wa pili, zote zinapita hapo kabla ya magharibi. Ndani ni joto na nje kuna upepo, na upepo huo ndio mwenyeji wa mkutano.

Nchi ya baridi imejenga nyumba kwa kazi iliyo kinyume chake, yaani kulizuia joto lisitoke. Mlango una mpira pembeni, dirisha lina vioo viwili, na anayeacha wazi anaambiwa funga. Shangazi yangu, aliyeishi miaka mingi katika mji mmoja wa Uingereza, alikuwa na kiti karibu na dirisha la sebuleni. Siku za baridi zenye jua, utepe wa mwanga uliingia sakafuni kabla ya adhuhuri, ukasogea polepole kutoka kabati la vyombo hadi mlangoni. Shangazi alikivuta kiti chake akiufuata. Radio ilikuwa imewashwa, birika liko mezani na vikombe viwili, na mtu wa kikombe cha pili hakuwapo. Nilipomuuliza majirani zake ni akina nani, alisema, "Mwanangu, nitawajua Mei."

Jibu lile nimelibeba katika utafiti wangu wote. Wengi wetu tukifika kule tunahitimisha haraka kwamba watu wale hawana utu, hawatembeleani, kila mmoja na lake. Wako wa namna hiyo, kama walivyo huku. Lakini tazama mtaa uleule mwezi Mei. Viti vinatolewa bustanini, watoto wako barabarani, mtu anazungumza na jirani juu ya uzio mpaka usiku. Kumbe sehemu ya upweke tuliousoma kama tabia ya watu ilikuwa mlango uliofungwa dhidi ya baridi. Anayelijua hili mapema anawasamehe jirani zake mapema.

Mwili nao una madai yake. Daktari wa akili Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg. Alipohamia New York katika miaka ya 1970 aliona kwamba kila majira ya baridi nguvu zinamwishia, na mchipuko ukiingia anarudi kuwa yeye. Hakulipuuza. Mwaka 1984, yeye na wenzake wakachapisha maelezo ya sonona ya majira, huzuni inayokuja na siku fupi na kuondoka na siku ndefu, pamoja na tiba ya kukaa mbele ya taa yenye mwanga mkali asubuhi. Nafurahi kwamba aliyeliona jambo hili vizuri ni mtoto wa bara letu aliyebadilishiwa jua ukubwani. Waliozaliwa katika siku fupi walikuwa wamezizoea kiasi cha kutoziuliza. Kuna na suala la vitamini D: ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza, na wizara ya afya ya Uingereza inawashauri watu wenye asili ya Afrika kufikiria kutumia kidonge chake mwaka mzima. Ni wangapi kati ya wanafunzi tunaowasindikiza uwanja wa ndege wameambiwa hivyo?

Shahidi wangu mkubwa ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alitoroka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mume akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 husomwa kwa ajili ya habari za ikulu, na si vibaya. Mimi huzisoma kwa ajili ya baridi. Anawajibu Wajerumani waliowaona watu wa kwao wavivu: baridi ndiyo inayomtwisha mtu wa Kaskazini mahitaji yasiyokwisha, ya nguo, ya makaa, ya akiba, na anayeishi chini ya jua la ikweta hana deni hilo. Mwanamke mmoja, peke yake katika nchi ya watu, aliupindua ubishi wa Montesquieu. Alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, na hakupokelewa na nduguze. Yaliyofuata wasomaji wengi huyapita haraka: hakutulia Ujerumani. Alikwenda kuishi Jaffa, kisha Beirut, na huko pwani ya Sham akakaa hadi mwaka 1914. Nyumbani kwenyewe kulifungwa, akatafuta mahali penye jua, bahari, na lugha ya babake. Siasa na urithi vilikuwemo katika safari zake, sikatai. Lakini ramani ya maisha yake ni ya mtu anayelifuata jua kadiri alivyoruhusiwa.

Waliokuja kwetu walifanya vilevile upande wa pili. Wajerumani walipanda Usambara na kujenga Wilhelmsthal, tunayoiita leo Lushoto, wakilikimbia joto la pwani. Walowezi wa Kiingereza walizifuata nyanda za juu za Kenya, wakawapokonya wenyewe ardhi kwa hoja, miongoni mwa nyingine, kwamba hewa ya pale inamfaa Mzungu. Huko Limuru na Lushoto mpaka leo ziko nyumba zenye bomba la moshi na mahali pa kuotea moto sebuleni. Hamu ya hewa ya kwenu ikikutana na bunduki, inakuwa sheria ya ardhi. Hilo nalo ni la kusemwa.

Niwapeleke sasa Omani, ambako mambo yananigusa zaidi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na tena baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, maelfu ya watu waliokulia Zanzibar walihamia huko. Kwa makaratasi walikuwa wanarudi. Kwa ngozi zao walikuwa wanahama. Muscat wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, na kivuli cha ukuta hakisaidii. Baraza ya jioni ikahamia ndani, kwenye kiyoyozi.

Sasa fikirini juu ya upepo. Kusi ikitoka kwetu haiishii Ras Hafun, pwani ya Somalia. Inavuka ikweta, inapinda kulia, na kufikia Bara Arabu ikiwa monsuni ya kusini-magharibi. Mwaka 1969 mwanasayansi Findlater aliueleza mkondo huo mkali unaopita juu ya Kenya na Somalia. Kipande chake kinaipiga milima ya Dhofar, na kuanzia Juni hadi Septemba Salalah inapata manyunyu na ukungu, milima inakuwa kijani, na kando ya barabara wanauza madafu, ndizi na mapapai. Kutoka Muscat ni mwendo wa kilomita 1,000 hivi. Wazungumzaji wa Kiswahili husafiri hadi huko na familia zao, kama Waomani wengine wengi, ila wao wanaona kitu cha ziada. Upepo unaowalowesha pale ni uleule uliopita siku kadhaa kabla juu ya mikarafuu ya Pemba.

Siwezi kunyamaza kuhusu hali ya hewa inavyobadilika hapa nyumbani, ingawa ni mada ya mhadhara mwingine. Mwanafalsafa wa Australia Glenn Albrecht, akiwatazama watu wa bonde la Hunter waliozungukwa na migodi ya makaa na ukame, alieleza huzuni ya mtu ambaye hakuhama ila nyumbani kumemhama. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, katika ukanda ambao vimbunga ni nadra mno. Aliye Toronto anaikumbuka masika ya mwaka alioondoka. Nduguye aliyebaki Kilindoni, hukohuko Mafia, hana tena masika hiyo. Wakiongea kwa simu, kila mmoja ana nchi yake.

Ninalo ombi kwa chuo hiki. Wanafunzi wetu wengi wanaokwenda kusoma Ulaya huondoka Septemba, na hapo mchana wa huko ndio unapungua kwa kasi kuliko wakati wowote. Hamburg hupoteza karibu dakika 4 kila siku. Tunawapa semina ya viza, ya benki na ya bima. Tuwape na semina ya majira: taa ya asubuhi, kidonge, koti la kweli, na kutoka nje kila adhuhuri hata kama mawingu yametanda. Na vyama vyetu vya huko, ambavyo hukutana kwa Idi na sherehe za uhuru, viweke siku moja ya wiki, Novemba hadi Februari, nyumba moja mlango wazi, chai jikoni, asialikwe mtu. Kikao cha kwanza cha semina hiyo ya majira tutakifanya kabla kundi la mwaka huu halijaondoka, na wazee mlioishi huko naomba mje mkiongoze nyinyi.