Waliopiga Kelele Mapema
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Iringo, Musoma)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, ndugu zangu tuliosoma pamoja hapa, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu:

Nimeombwa niseme machache juu ya raia na serikali yao wakati wa vita. Najua wengi mlitegemea vita vya Kagera vya 1978, maana wazee wa Musoma hawaishiwi habari zake. Mimi nitasema juu ya jirani yetu Rwanda. Mwaka 1994, maiti zilipoteremka na mto Kagera hadi ziwani, mama yangu aliacha kununua samaki kwa miezi. Watu walisema balaa lile limezuka ghafula. Si kweli. Wapo Wanyarwanda waliolipigia kelele mapema.

Vita vya kwao vilianza tarehe 1 Oktoba 1990, wapiganaji wa RPF walipoingia kutoka Uganda. Tangu hapo Mtutsi aliyekuwa nchini alihesabiwa adui, hata mkulima asiyewahi kushika bunduki. Machi 1992 Redio Rwanda, redio ya serikali, ilisoma tena na tena tangazo la uongo kwamba Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Siku hizo hizo Watutsi wa Bugesera wakauawa kwa mamia. Antonia Locatelli, mama wa Kiitalia aliyeishi Nyamata miaka mingi, alipiga simu kwenye redio za ng'ambo akaeleza aliyoyaona. Akapigwa risasi.

Vyama vya haki za binadamu vya Rwanda, vyenye Wahutu na Watutsi pamoja, havikunyamaza. Vilidai serikali ichukue hatua, na kelele zao, pamoja na za mabalozi, zilizaa jambo moja: Ferdinand Nahimana, aliyesimamia redio ile, aliondolewa kazini. Viliita pia tume ya wachunguzi kutoka nje, iliyofika Januari 1993 ikafukua makaburi ya halaiki. Serikali ilikiri, ikasikitika, ikaahidi. Waliotajwa wakaachwa.

Hapo ndipo ninapotaka vijana mnisikilize. Nahimana alikuwa msomi wa historia, mwalimu wa chuo kikuu. Msidhani chuki ni kazi ya wajinga tu. Serikali ilitaka kumpeleka ubalozini Ujerumani, Wajerumani wakamkataa. Mwaka 1993 akashirikiana na wenzake kuanzisha redio nyingine, RTLM. Mwaka uliofuata redio hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipo, ili wauawe. Miongoni mwa waliouawa siku za kwanza za Aprili walikuwamo watu wa vile vyama vya haki.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa ilimhukumu kifungo cha maisha, Arusha, tarehe 3 Desemba 2003. Rufaa ya 2007 ikakifanya miaka 30. Sisemi kesi moja mwaka 1992 ingezuia yote. Nasema raia waliomba haki, wakapewa mtu kuondolewa kwenye kiti.

Kumbukumbu za mahakama ile zimehifadhiwa Arusha, safari ya siku moja kwa basi. Napendekeza chama chetu kiwapeleke wanafunzi wa historia wakazione. Nauli ya wawili naitoa leo. Ndugu Mtunza Hazina aandike.