Kinasa Sauti cha Ningi

Wiki iliyopita nililetewa barua kutoka Bariadi. Imeandikwa kwa mkono, kurasa mbili za daftari la mistari, na mwandishi wake ni kijana aliye katibu wa kikundi cha ngoma. Anasema kikundi chao kimelima mashamba ya pamba ya watu kwa malipo msimu mzima, na baada ya kugawana kidogo kidogo wamebakiza akiba ya shilingi laki nne. Wanataka kununua kinasa sauti, kile kidogo cha kushika mkononi, wapate kurekodi nyimbo za ningi wao ambaye umri umekwenda.

"Baba," ananiandikia, "wenzangu wengine wanasema tununue simu kubwa, wengine wanasema twende studio Mwanza, na kuna mwenye duka hapa mjini anatushawishi kwa kitu chenye taa nyingi. Tusaidie tusije tukala hasara, maana hela hii ni jasho la watu kumi na saba."

Nimeona nimjibu hapa hapa hewani, kwa sababu naamini si yeye peke yake mwenye swali hili. Na nina sababu yangu nyingine, ambayo nitaieleza.

Kwanza niwaeleze ndugu zangu wa mjini, pamoja na watani zangu Wazaramo, ni nani huyu ningi. Kwa Wasukuma, ningi ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma. Yeye hutunga, huimba, huongoza wachezaji, na wakati mwingine humtukana mpinzani kwa ushairi hadi mpinzani akakosa usingizi. Ngoma za Kisukuma zimegawanyika tangu zamani katika vyama viwili hasimu, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Mavuno yakishaisha, kuanzia Juni hivi, vyama hivyo hukutana uwanjani. Wala hawachezi kwa zamu. Wanacheza kwa wakati mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Hakuna jaji mwenye karatasi wala kengele. Watu wenyewe, kwa miguu yao, ndio kura.

Hapo ndipo ugumu wa kununua kinasa sauti unapoanzia. Muuza duka wa Kariakoo atakuambia chombo hiki kinasikia hata sisimizi akitembea. Ni vizuri, lakini je, uwanjani Bariadi unataka kusikia sisimizi, au unataka kumsikia ningi wako bila ya ngoma ya jirani aliye hatua sitini kutoka hapo?

Niseme sababu yangu sasa. Mwaka 2014 nilikwenda nyumbani likizo, nikaazima kinasa sauti cha rafiki yangu, nikaenda nacho kwenye ngoma upande wa Dutwa. Nilikuwa najiona mtaalamu, maana nimefanya kazi karibu na vipaza sauti miaka mingi. Nikakiweka chini, karibu kabisa na ngoma kubwa, nikapandisha kiwango cha sauti hadi juu ili nisikose neno, nikaenda kusimama na watu nikifurahi. Saa mbili na nusu ningi yule mzee aliimba. Wanaume wazima walilia. Jioni nikavaa visikilizio, nikakuta mlio mmoja tu wa kukwaruza, kama mtu anayeburuta bati juu ya changarawe. Sauti ya ngoma ilikuwa imevuka uwezo wa chombo, na sauti ya namna hiyo ikishakatika kichwa hairudi tena, hata umpelekee fundi wa wapi. Nikajiambia, haidhuru, mwakani nitarudi. Sikurudi. Mzee alifariki 2017. Binti yake alinipigia simu baada ya matanga, kwa heshima zote, kuniuliza kama ile sauti ya baba ipo.

Kilichokuwepo ni dakika nne. Asubuhi ya siku ile, kabla ya kwenda uwanjani, nilijaribu chombo nyumbani kwake, naye akachukua ndono, ule upinde wenye kibuyu, akapiga polepole na kuimba kwa sauti ya chini huku kuku wakilia nyuma yake. Dakika hizo nne ni safi kama maji ya kisima. Nilizinakili nikampelekea. Zile saa mbili na nusu ninazo mpaka leo, sijui kwa nini sijazifuta.

Basi, kijana wangu, ushauri wangu unatoka kwenye hasara hiyo zaidi ya vitabu.

Nianze na simu, maana ndiyo mnayo tayari. Msiidharau. Simu nzuri ya leo inanasa sauti kuliko redio kaseti tuliyokuwa tukiitolea macho zamani. Tatizo lake ni kwamba imefundishwa kusikiliza mtu anayeongea. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, simu yenyewe inashusha sauti. Ngoma ikinyamaza, inapandisha, hata upepo ukawa mkubwa kuliko muimbaji. Matokeo yake wimbo unapumua kama mtu mwenye pumu. Tena katikati ya wimbo anapiga shemeji. Kwa kukumbuka mashairi, simu inatosha kabisa. Kwa kuhifadhi sauti ya mzee, haitoshi.

Habari ya studio ni nyingine. Studio ni nzuri kwa anayetaka kuuza wimbo mmoja wenye kinanda. Lakini ngoma ya watu kumi na saba, wenye njuga miguuni na uwanja mzima ukiitikia, huwezi kuiingiza katika chumba chenye magodoro ukutani ikabaki ngoma ile ile.

Kinasa sauti cha mkononi, basi, ndicho chenu. Kampuni za Japani, hasa Zoom na Tascam, zimetengeneza vya bei ndogo kwa miaka mingi sasa. Zoom H1 ilitoka 2010, ikafuatiwa na H1n mwaka 2018 ambayo huko Marekani ilianza kuuzwa kwa dola 120 hivi. Tascam walitoa DR-05 na ndugu zake. Mkikipata kilichotumika kwa bei nzuri, msione aibu, alimradi mkijaribu mbele ya muuzaji.

Sasa sikilizeni tofauti moja ambayo dukani hamtaambiwa. Vipaza sauti vya Tascam DR-05 husikiliza pande zote sawasawa. Nyumbani kwa mzee, anapopiga ndono chini ya mti, hicho ni chombo kitamu sana. Kinaleta na kuku na watoto na upepo wa mwembe. Lakini uwanjani, Bagika huku na Bagalu kule, kitawarekodi wote wawili bila upendeleo, kama mjumbe wa nyumba kumi. Vile vya Zoom H1n vimepishana kama mikasi na husikiliza zaidi kule vilikoelekezwa. Ukikielekeza kwa ningi wako na mgongo wake ukampa mpinzani, mpinzani hatapotea, lakini atakaa mbali. Kwa shughuli yenu, mimi ningechagua cha namna hiyo. Tascam nao walitoa cha namna hiyo, DR-07X, ila bei yake ilikuwa juu kidogo.

Mwaka 2024 Zoom walitoa kingine, H1essential, ambacho hakina hata kitufe cha kurekebisha kiwango cha kunasa. Chenyewe hupokea sauti ndogo na kubwa kwa pamoja, nawe baadaye kwenye kompyuta unapandisha au kushusha bila kuharibu. Ningekuwa nacho 2014, nisingekuwa nazungumza habari hizi. Mkikikuta ndani ya laki nne, kichukueni. Lakini msidanganyike kukiweka tena mguuni pa ngoma: kipaza sauti chenyewe kina mwisho wake, na kikilemewa, hakuna hesabu ya kompyuta itakayokiokoa.

Kwa vingine vyote, fanyeni hivi. Kabla ya kuanza, mwombeni mpiga ngoma apige kwa nguvu zake zote, si kwa adabu ya majaribio. Tazameni ile mistari inayopanda kwenye kioo, mshushe kiwango mpaka pigo kubwa kuliko yote lifike kwenye namba 12 chini ya sifuri, au hapo karibu. Zimeni kile kitufe cha kujirekebisha chenyewe. Simameni hatua tano au sita kutoka kwenye ngoma, karibu zaidi na mwimbaji, na chombo kiwe urefu wa kifua, kimefungwa kwenye mti au kigoda kirefu. Kikiwekwa ardhini kinasikia miguu ya wachezaji kabla ya kusikia maneno.

Na upepo! Anayeijua mbuga ya Itilima na Meatu mwezi wa Julai hahitaji maelezo. Upepo mdogo usiousikia wewe, kwenye kipaza sauti ni gari la mizigo. Kuna vifuniko vya manyoya vinavyouzwa kwa kazi hiyo, lakini soksi nene ya sufu juu ya kile cha sponji inasaidia sana. Iwe safi, tafadhali.

Halafu betri. Hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu wauzaji watawasifia vyombo vya kuchaji. Mkiwa vijijini siku tatu, chombo cha kuchaji kikizima kimezima. Chukueni kinachotumia betri za dukani. DR-05 inatumia mbili za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo kila kijiji chenye duka la sabuni kinazo. H1n inatumia mbili za AAA, zile nyembamba za rimoti, ambazo ni haba kidogo. Nunueni za kutosha kabla ya kuondoka Bariadi mjini. Na betri zenyewe ziwe alkalaini. Zile za bei rahisi zitaishia ubeti wa tatu.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo inayotapeliwa kuliko kitu chochote. Iko iliyoandikwa 64 ambayo ndani ni 8, na hukubali kurekodi hadi mwisho, kisha ukifungua hukuti kitu. Nunueni ya 32, na kabla ya kwenda popote ijazeni hadi mwisho kwa kurekodi redio usiku na mchana, kisha msikilize mwanzo, katikati na mwisho. Kwa sauti kamili ya kiwango cha santuri za CD, saa moja inakula megabaiti 635 hivi. Kwa hiyo kadi ya 32 inachukua karibu saa hamsini. Sioni sababu ya kurekodi kwa MP3 ili kubana nafasi. Mtabana baadaye, mkitaka kuwatumia watu kwa simu. Asili iacheni ilivyo.

Hiyo asili, kijana wangu, ndiyo mali. Ninaposikia nyimbo za Kisukuma zikiuzwa mitaani kwa kuingizwa kwenye kadi za simu, huwa najiuliza aliyetunga anapata nini. Tangu 1999 tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka huo. Sheria hiyo inamtambua mtunzi, na kando yake inamtambua aliyegharimia kunasa sauti. Watu wengi wa ngoma hawajui hilo la pili. Akija mtu na chombo chake akawarekodi bure, akaondoka nacho, wimbo ni wenu lakini ile sauti iliyonaswa ana haki nayo. Mkinasa wenyewe kwa chombo chenu, vyote viwili viko kwenu. Mwanzoni mwa kila wimbo, kabla ya ngoma, mtu mmoja aseme kwa sauti tarehe, mahali, jina la wimbo, jina la mtunzi na majina ya waliopo. Sekunde ishirini tu. Itawasaidia siku ya ubishi, na wajukuu zenu vilevile.

Sisemi hivi kwa kuwachukia wageni. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake, akanasa nyimbo za Wasukuma miongoni mwa makabila mengi, na leo zinasikika kwa sababu alizitunza. Ziko katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini. Nashukuru. Lakini mjukuu wa mwimbaji wa Maswa asingepaswa kuandika barua Afrika Kusini kumsikia babu yake. Kwa hiyo nakala moja ikae kwa katibu, ya pili kwa familia ya ningi, na ya tatu nje ya Bariadi kabisa, kwa mtu mnayemwamini au makumbusho ya Bujora pale Kisesa. Nyumba huungua na mchwa hula, na kompyuta ya rafiki huibiwa.

Jumla ya ununuzi wenu, nikikadiria chombo, kadi, betri, kifuniko cha upepo na visikilizio vya kawaida, msitumie laki nne yote kwenye chombo. Bakizeni elfu hamsini au sitini. Visikilizio ni lazima. Bila hivyo hamtajua kilichoharibika mpaka jioni, nami nimeshawaambia jioni ilivyokuwa kwangu. Kile chenye taa nyingi mwacheni mwenye duka abaki nacho.

Na msingoje Julai. Mwandikaji barua amesema ningi wao anakohoa tangu masika. Mkishapata chombo, kesho yake asubuhi nendeni nyumbani kwake, bila ngoma na bila sare. Mumwamkie, mkae, mumwombe aimbe akiwa ameketi, wimbo mmoja mmoja, kwa kadiri ya pumzi yake. Uwanja utafuata. Mimi nitakuwa Bariadi wiki ya pili ya Julai, Mungu akipenda. Soksi nitakuja nazo mwenyewe.