Mikaratusi Inayostahimili Jalidi



Leo nataka tuzungumze habari za mkaratusi, mti ambao wengi wetu huuita bluugamu. Mti huu si mgeni kwetu. Uliletwa Kenya mnamo mwaka 1902 ili kupata kuni za gari la moshi, na tangu hapo umetupa boriti, nguzo na makaa. Lakini wale wakaao juu sana, kama huko Kinangop, wanajua ya kuwa miche yake ina adui mmoja, naye ni jalidi, yaani umande ugandao usiku.

Mimi mwenyewe niliwahi kumpuuza adui huyo. Mwezi wa Oktoba nilipanda miche 200 bondeni, penye udongo mzuri na majani mengi. Asubuhi moja ya Januari niliikuta imekuwa myeusi, kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Kazi ya miezi mitatu ilipotea kwa usiku mmoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mahali. Usiku usio na mawingu, joto la ardhi hupanda juu na kutoweka. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka kama maji na kutuama bondeni. Basi panda kwenye mteremko. Tena palilia vema kuuzunguka mche, maana udongo ulio wazi hupokea joto la jua mchana na kulitoa usiku, lakini majani huuzuia.

Kosa la pili lilikuwa wakati. Yafaa kupanda mvua za masika zianzapo, ili mche upate miezi mingi ya kukomaa kabla ya baridi ya Januari. Chagua miche mifupi. Mche uliokaa mno mkebeni huwa na mizizi iliyojizungusha, na baadaye upepo huuangusha.

Kosa la tatu lilikuwa aina ya mti. Bluugamu ya kawaida hudhurika upesi ingali changa. Lakini uko mkaratusi uitwao Eucalyptus gunnii, utokao nyanda za juu za Tasmania, ambao hupandwa sana katika bustani za Uingereza. Ukikomaa, huweza kustahimili digrii 10 chini ya sifuri. Majani yake machanga ni ya mviringo, yenye rangi kama ya fedha. Mwingine ni Eucalyptus pauciflora, uotao katika milima ya theluji ya Australia, hata kufikia karibu mita 1,800, mahali ambapo miti hukoma. Mbegu zake huwekwa kwanza katika mchanga wenye majimaji, ndani ya friji, kwa muda wa majuma 4 hadi 6, ndipo huota vizuri. Jaribu michache kwanza.

Ikiwa jalidi imekwisha kuupiga mche, usiung'oe kwa hasira. Mikaratusi mingi ina uvimbe shinani karibu na ardhi, nao huweza kuchipua tena. Ngoja mvua inyeshe, ndipo uamue.

Neno la mwisho. Mkaratusi hunywa maji mengi. Usiupande kando ya mto wala chemchemi. Mti ni wako, lakini maji ni ya wote walio chini yako.

Kwaherini, na kazi njema.