Safari ya Siku Moja: Bujora

Enyi wenyeji wa Shinyanga na Geita, mkipata safari ya Mwanza, tengeni siku moja mwende Bujora, karibu na Kisesa, kwa barabara ya Musoma.

Hapo mtaona kanisa la duara, lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi wa Kisukuma. Na altare yake ina umbo la kiti cha enzi. Padre David Clement, mtu wa Kanada, ndiye aliyeanzisha kazi hiyo, pamoja na nyumba ya makumbusho iliyo jirani.

Katika makumbusho zimo ngoma za watemi. Zamani hazikupigwa ovyo, maana zilikuwa alama ya utawala. Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yalikomeshwa kwa sheria, na ngoma za namna hii zikapoteza kazi yake. Kama zisingetunzwa, mchwa wangezila.

Lakini ngoma iliyowekwa rafuni haijielezi. Basi, enyi vijana, nendeni pamoja na mzee wenu, mkamwulize jina la kila kitu na matumizi yake, maadamu yu hai.