Kumtazama Mtoto Kabla ya Kumhukumu: Ushuhudiaji kama Mbinu ya Utafiti wa Saikolojia

Mada kwa walimu wa awali na msingi, wauguzi na maafisa maendeleo ya jamii, Dutwa, Bariadi



1. Utangulizi

Mtoto wa darasa la kwanza anayenyamaza akiulizwa swali kwa Kiswahili huitwa mzito upesi sana. Mtoto huyohuyo, akiwa malishoni na wenzake, hupanga michezo, huamua ugomvi na kusimulia hadithi kwa Kisukuma bila kusita. Dodoso halimfai, kwa kuwa bado hajui kusoma. Mahojiano yatamnyamazisha zaidi, kwa sababu amefunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Anayeweza kumfahamu ni yule anayekaa, akatazama na kuandika. Hoja yangu ni moja: ushuhudiaji ni mbinu kamili ya kisayansi, mradi mtazamaji akubali kutenganisha alichokiona na anachokidhani.

2. Maana na aina

Ushuhudiaji ni kutazama na kusikiliza mwenendo wa watu kwa lengo lililopangwa, na kuuandika kwa utaratibu ambao mtu mwingine anaweza kuurudia. Unaweza kuwa shirikishi, mtafiti akifanya kazi pamoja na anaowatazama, au usio shirikishi, akikaa pembeni. Unaweza kufanyika katika mazingira ya kawaida ya mtu, au katika chumba kilichoandaliwa ili kila mtoto akutane na hali ileile.

3. Mfano wa Uganda

Mfano bora kwetu uko ng'ambo ya Ziwa Victoria. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuwatembelea akina mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Alifuatilia kina mama 26 na watoto wao 28, akizitembelea familia kila baada ya wiki mbili hivi, kwa takriban saa mbili kila safari, hadi miezi tisa. Alifuatana na mkalimani, na alifika mchana, wakati ambao mwanamke wa Kiganda hupokea wageni sebuleni.

Alikwenda akitarajia kuchunguza desturi ya kumtenga mtoto na mama wakati wa kuachishwa ziwa. Alipofika akakuta familia nyingi haziifuati. Badala ya kung'ang'ania swali lake, alianza kuandika kile kilichokuwa mbele yake: mtoto analia lini, anamtambaia nani, anamtazama nani kabla ya kushika kitu kigeni. Humo aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake humwacha kidogo, akachunguza mazingira, kisha akarudi kwake. Aligundua pia kwamba mama aliyeweza kueleza kwa undani tabia za mwanawe mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye uhakika huo. Matokeo hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1967, na yakawa msingi wa utafiti alioufanya baadaye Baltimore, Marekani. Elimu inayofundishwa leo duniani kuhusu uhusiano wa mama na mtoto ina mizizi pia katika sebule za Waganda.

Hata hivyo, sebule ya mchana haioneshi shamba la asubuhi. Mtafiti wa Dutwa akija saa za mapumziko tu, hatajua nani anamlea mtoto mama anapokuwa anavuna pamba.

4. Mfano wa Kenya

Huko Oyugis, mtafiti Carol Ember aliwatazama wavulana wa Kijaluo waliopewa kazi za nyumbani ambazo kwa desturi ni za wasichana. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1973, wavulana hao walionesha ugomvi na ubabe mdogo kuliko wenzao wasiofanya kazi hizo. Wazazi wangeulizwa tu, kila mmoja angeweza kusema mwanawe ni mtulivu. Kuhesabu vitendo ndiko kulikoonesha tofauti.

5. Kanuni za kazi

Kwanza, andika kitendo. "Mtoto huyu ni mkorofi" ni hukumu. "Amemnyang'anya mwenzake kalamu mara mbili ndani ya dakika 10" ni ushahidi.

Pili, tazama katika nyakati na mahali tofauti: darasani, kisimani, malishoni, msimu wa mavuno na baada yake.

Tatu, watazamaji wawe wawili, kila mmoja na daftari lake. Wakikubaliana katika vipindi 16 kati ya 20, makubaliano yao ni asilimia 80. Yakiwa madogo, maana ya vitendo vinavyohesabiwa ifafanuliwe upya kabla ya kuendelea.

Nne, kaa muda wa kutosha. Mgeni hubadilisha mwenendo wa nyumba. Akizoeleka, watu huendelea na shughuli zao kama kawaida.

6. Maadili

Kumtazama mtoto kunahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na ruhusa ya shule na uongozi wa kijiji. Jina lake lisionekane katika daftari, tumia namba. Mtazamaji akishuhudia mtoto anaumizwa, asijifiche nyuma ya utafiti: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji chake.

7. Mapendekezo

Desemba 2021 nchi yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kazi ya aina hiyo inahitaji taarifa za watoto jinsi wanavyoishi hasa, na kwa watoto wa Dutwa hakuna aliye karibu nao kuliko ninyi. Mkoa wa Simiyu unajulikana kwa pamba. Nataka ujulikane pia kwa walimu wanaojua kutazama. Naomba kila mshiriki achague mtoto mmoja ambaye tayari amepewa jina baya shuleni, amtazame kwa utaratibu huu katika mazingira yasiyopungua matatu, na asiandike neno lolote la hukumu katika taarifa yake mpaka daftari lake limpe ushahidi.