Bima ya Safari ya Ulaya
Bima ya anayeomba viza ya Schengen sharti iwe na kinga ya angalau euro 30,000, itambulike katika nchi zote za eneo hilo, na igharimie matibabu ya dharura pamoja na kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Hicho ni kiwango cha kupatia viza tu. Upasuaji na siku kadhaa za uangalizi maalumu huweza kukimaliza.

Katika mkataba wa bima, ukurasa unaorukwa na wengi, ule wa mambo yasiyofidiwa, ndio wa kusomwa kwanza. Kisukari au shinikizo la damu ambalo msafiri alikuwa nalo tangu zamani mara nyingi huachwa nje, hasa lisipotajwa kwenye fomu. Tarehe za bima nazo zivuke siku ya kurudi, maana ndege huahirishwa.